Kumsaka Besi wa Milia kwa Kayaki: Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Plum Island

Mto Merrimack unapita katikati ya Lowell, mji wa Massachusetts ambao Wakenya tumejazana kiasi kwamba unga wa ugali huutafuti mbali. Wengi wetu mto huo tunauona kutoka darajani, asubuhi tukikimbilia zamu. Lakini ukiufuata mpaka unapokutana na Atlantiki, safari ya gari ya takribani saa moja, unafika Newburyport. Hapo, nyuma ya kisiwa chembamba cha Plum Island, kuna maji ambayo mtu aliyekulia Vanga, pwani ya Kenya, kama mimi anayatambua mara moja: mafungu ya mchanga na tope yanayokauka maji yakipwa, vihori vinavyojipinda ndani ya majani, na samaki wanaoingia na kutoka kwa amri ya mwezi.

Samaki mwenyewe ni besi wa milia, ambaye wataalamu humwita Morone saxatilis. Ana mwili wa rangi ya fedha, mgongo wa kijani kilichokolea, na mistari myeusi saba au minane inayotoka kwenye matamvua hadi mkiani. Huzaliwa kwenye maji matamu ya mito, wengi wao ile inayoingia ghuba ya Chesapeake, wengine Hudson na Delaware. Wakishakua huingia baharini na kupanda kaskazini maji yanapopata joto. Huku kwetu hufika katikati ya Mei, na ikifika Oktoba wanageuza kurudi kusini. Mkubwa kuliko wote aliyewahi kunaswa kwa fimbo na mshipi alivuliwa mwaka 2011 upande wa Connecticut, akapita kilo 37.

Nimewavua nikiwa ufukweni, nikiwa kwenye boti za marafiki, na nikiwa kwenye kayaki. Kayaki ndiyo iliyonifundisha, na haya ndiyo niliyoyaokota.

1. Kutafuta ndiyo kazi, kuvua ni dakika chache

Maji yakijaa, mafungu ya Joppa Flats yote yanakuwa uso mmoja, na mgeni hudhani anaweza kurusha mshipi popote. Sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki wa maana hata mmoja. Besi hukaa penye chakula na penye njia ya kutorokea, na katika ghuba ya maji mafupi njia hizo zimechorwa chini, hazionekani mpaka maji yaondoke.

Kwa hiyo safari yenye faida kuliko zote ni ile usiyobeba mshipi. Nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, uitazame bahari ikiwa uchi. Utaona mfereji unapopita na pale unapokata kona na kuchimba shimo. Utaona ukingo ambapo fungu linakatika ghafla likawa maji ya kiunoni, vitanda vya kome, mabaka ya majani ya bahari. Piga picha kwa simu, maana simu huhifadhi na mahali ulipopigia. Saa sita baadaye, maji yakiwa yamevifunika vyote hivyo, wewe unajua uko juu ya nini wakati jirani yako anabahatisha.

Vanga hakuna aliyetufundisha hivi kwa maneno. Mtoto alipelekwa mafunguni kuokota kaa, akakua ramani iko kichwani. Huku inabidi uitafute ukubwani.

2. Mwezi ni uleule, saa si zilezile

Hili litamshangaza kila aliyekulia pwani yetu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye ni bamvua. Ukiwa nusu, ni maji mafu. Sheria hiyo haina uraia. Lakini saa zimehama. Pwani ya Kenya na Tanzania, maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi na kitu, alfajiri na jioni. Massachusetts hujaa karibu na saa sita, mchana na usiku. Maana yake bamvua ya huku inakupwa asubuhi mapema na jioni, wakati uleule besi anapokula kwa bidii, na maji mafu ndiyo yanayojaa alfajiri.

Ukishalijua hilo, kalenda inaanza kukupangia kazi. Nikitaka kuvua mafunguni maji yakiingia, nachagua siku za bamvua: nashuka na kayaki maji yako chini kabisa, jua linachomoza yakianza kupanda, na besi wanapanda nayo. Nikitaka kusubiri kwenye midomo ya vihori, nachagua siku zinazokaribia maji mafu, ambapo maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri kisha yanaanza kutoka kabla mwanga haujakomaa. Wavuvi wengi wa huku wameshika kauli moja tu, kwamba samaki wako kwenye mwezi mpevu. Bahari ya wazi siwabishii. Kwenye maji mafupi ya midomo ya vihori, mimi nachukua siku mbili tatu kabla ya maji mafu: mkondo bado una nguvu ya kubeba chakula, lakini haukusombi wewe na chombo chako. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa ni kama mita 2.5 kwa wastani, hivyo hata maji mafu ya huku si ya kudharau.

Tena jedwali la maji la mji halisemi ukweli kwa kila kona. Ghuba ya Plum Island Sound mlango wake uko kusini, upande wa Ipswich. Maji yakianza kukupwa mlangoni, juu kule kwenye Mto Parker bado yanapanda, na anayefuata jedwali peke yake hufika mapema akachoka kabla ya samaki kuanza. Saa za kila hori nimeziandika kwenye daftari, na daftari hilo siazimi mtu.

3. Yakipwa kaa mdomoni mwa hori, yakijaa panda nayo

Nyuma ya kisiwa kuna Great Marsh, kinamasi kikubwa cha maji chumvi kuliko vyote New England. Maji yakijaa, vidagaa, kamba wadogo na kaa huingia ndani ya majani kula na kujificha. Yakipwa lazima watoke, na kila hori lina mlango mmoja. Besi anasimama nje ya mlango huo, kichwa kikielekea mkondo, anangoja aletewe.

Kosa la wengi ni kuweka kayaki mbele ya mlango, yaani juu ya samaki wenyewe. Kaa pembeni, upande ambao mkondo unaelekea, kama urefu wa mrusho mmoja mzuri. Rusha chambo kiingie ndani ya hori, kisha kiache kitoke na maji kwa mwendo wa maji. Usikivute kwa nguvu; dagaa aliyesombwa haogelei kwa fujo. Saa ya kwanza tangu maji yageuke mara nyingi ni ya kunywa chai, kwa sababu majani bado yana maji na dagaa hawana haraka. Saa mbili zinazofuata ndizo zenye neema. Angalia pia mahali ambapo maji ya hori, yenye rangi ya chai, yanakutana na maji safi ya ghuba. Mstari huo ni ukingo kama ukingo wa fungu, na besi hufuata kingo zote.

Maji yakijaa, mchezo unageuka. Besi wa sentimita 75 huingia kwenye maji yasiyofika magotini, mgongo nusura utokeze, akisaka kaa na wale samaki wembamba wanaojizika mchangani. Hapo ndipo kayaki inapozishinda boti zote, kwa kuwa inaelea kwenye maji ya shibiri moja. Tafuta sehemu ya fungu iliyo chini kuliko nyingine, ile inayofunikwa kwanza. Hiyo ndiyo njia yao ya kuingilia, na kila siku ni hiyohiyo mpaka dhoruba ihamishe mchanga.

Nawe kumbuka njia yako ya kutokea. Tope la vihori vile linameza mguu hadi pajani, na anayechelewa kutoka hukaa humo akingoja maji ya pili.

4. Besi anasikia kwa ubavu

Besi, kama samaki wengi, ana mstari wa hisi ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji. Kwenye kina cha mita kumi unaweza kuangusha kisu kwenye chombo, mambo yakaendelea. Kwenye nusu mita, huwezi.

Niliwahi kumpakia mpwa wangu, kijana aliyezaliwa hukuhuku, kwenye kayaki ya viti viwili. Upepo ulikuwa unatusukuma taratibu juu ya fungu, nikaweka kafi mapajani.

"Mjomba, mbona tumeacha kupiga kafi? Samaki si wako kule?"

"Ndiyo maana tumeacha."

Akanyamaza. Maji yalikuwa safi, mchanga chini una mikunjo midogomidogo. Kwanza tukaona vivuli, maana kivuli kwenye mchanga huonekana kabla ya samaki mwenyewe, ambaye mgongo wake umechukua rangi ya maji. Vilikuwa vivuli vinne vikija kwa mshazari, polepole, kimoja kikisimama kuinamisha kichwa na kufukua. Wavulana hawana mikono ya kutulia: akaiweka koleo kwenye sakafu ya plastiki. Tak. Vivuli vikageuka kwa pamoja, likabaki wingu la tope.

"Pole, mjomba."

"Hao ndio wa kupewa pole. Wamekatizwa chakula."

Kwenye kayaki yangu kuna kipande cha zulia sakafuni na koleo imefungwa kwenye uzi wa mpira. Nanga ya chuma siibebi mafunguni. Natumia pondo jembamba, nalichomeka kwenye tope nyuma ya kiti na kulifunga kwa kamba. Ninapolifikia fungu, naingia kutoka upande wa upepo na kuuacha upepo unipeleke. Kafi linagusa maji ya kunyoosha mwelekeo tu. Anayepiga kafi kwa pupa juu ya maji mafupi anawafukuza samaki wake na wa wenzake.

5. Soma uso wa maji kabla ya kusoma mashine

Kuna mashine za kutafuta samaki za kufunga kwenye kayaki, na kwenye mfereji mrefu zina faida. Kwenye maji ya magotini mashine itakuonyesha tope. Macho ndiyo mashine, yakisaidiwa na miwani inayokata mng'ao wa jua. Tazama membe: akizunguka juu na kushuka mara kwa mara mahali pamoja, chini kuna vidagaa wamebanwa. Shakwe waliokaa juu ya maji wametulia hawakwambii kitu. Tazama kiraka cha maji kinachotetemeka bila upepo, au duara linalopanuka polepole pasipo mrusho. Besi mkubwa mara nyingi hageuki kwa kishindo, anasukuma maji tu. Mwangaza ni mzuri jua likiwa limepanda nyuma yako. Alfajiri huoni chini, kwa hiyo wakati huo tegemea sikio. Besi anapomeza kitu juu ya maji hutoa sauti moja nzito, na ukishaijua hutaichanganya na nyingine.

6. Usibebe duka zima

Kwa mafunguni nabeba chambo bandia cha mpira laini, chembamba, cheupe au rangi ya waridi, kirefu kama kiganja na vidole. Cha aina ya Slug-Go kinanitosha. Ndoana moja isiyo na chubwi, ili kizame polepole na kisinase majani. Kirushe mbele ya samaki, si kichwani, kisha kitikise kidogo na kukiacha.

Kwa siku ambayo hakuna dalili yoyote, narudi kwenye kurambaza. Wavuvi wa kayaki wa New England wana mtego wao wa asili: mrija wa mpira mwekundu uliopinda, wenye urefu wa nusu mita hivi, na kipande cha mnyoo wa baharini kwenye ndoana ya nyuma. Ukiuburuta unajizungusha. Siri yake ni mwendo wa chini mno, polepole kuliko mtu anavyotembea, na ukaribu na chini. Boti ya injini hupata shida kwenda hivyo. Kwa kafi, hiyo ndiyo kasi ya kawaida. Wapo wanaoidharau njia hii kwa kuwa haina urembo wa kurusha. Mimi naiheshimu: unapoburuta unatafuta, na unapopata unaweza kusimama na kurusha.

7. Julai ina wenyewe

Ukiona masanduku meusi yenye miguu yamesimama kwenye kinamasi, ni mitego ya nzi wa macho ya kijani. Kuanzia Julai hadi katikati ya Agosti nzi hao huuma mpaka damu, mchana kutwa, na dawa za kupaka hazina kauli kwao. Maji nayo yanakuwa yamepata joto mno mchana, besi wanahamia mifereji mirefu. Vua usiku, mikono mirefu, taa nyeupe mkononi ili boti zikuone. Au subiri Septemba kama mimi.

8. Akishika, yeye ndiye nahodha

Besi wa kilo nane anaivuta kayaki. Mara ya kwanza utacheka. Weka fimbo ielekee mbele ya chombo, si ubavuni, ili akuvute badala ya kukupindua, na rili iwe imelegezwa kiasi cha kutoa mshipi anapokimbia. Tena mvute atoke kwenye majani mapema. Usimwachie muda mrefu kwa sababu ya raha zako, maana samaki aliyechoka kupita kiasi hafufuki.

Jihadhari anakokupeleka. Mdomo wa Merrimack, maji yanapotoka na kukutana na mawimbi ya mashariki, husimamisha kuta za maji zilizopindua vyombo vikubwa kuliko kayaki, na walinzi wa pwani wana kituo hapo kwa sababu hiyo. Mkondo ukianza kukutoa kuelekea huko, kata mshipi. Samaki wengine wapo.

Na baridi. Sisi tuliozoea bahari ya nyuzi 27 hatuna picha ya maji ya nyuzi 10. Mei, jua likiwaka na watu wamevaa fulana, maji bado yana baridi ya kukata pumzi kwa dakika ya kwanza na kuifisha mikono kwa dakika chache zinazofuata. Ujuzi wa kuogelea haukusaidii hapo. Sheria ya Massachusetts inamlazimu mtu wa kayaki kuvaa jaketi la kuokoa maisha kuanzia Septemba 15 hadi Mei 15. Mimi nalivaa mwaka mzima, na Mei na Oktoba navaa na vazi lisilopitisha maji.

9. Kipimo kwanza, picha baadaye

Samaki huyu aliwahi kukaribia kuisha. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumlinda, na Maryland ikapiga marufuku kumvua kuanzia 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 akatangazwa amerudi. Tathmini ya mwaka 2019 ikaonyesha amepungua tena, na tangu mwaka huo vifaranga wa Chesapeake wamekuwa wachache mwaka baada ya mwaka. Besi mmoja wa inchi 28 ana miaka sita au saba, na wale wakubwa kabisa ni majike wanaobeba mayai kwa mamilioni.

Kwa hiyo kanuni ya bahari iliyoanza 2023 inakuruhusu mmoja kwa siku, mwenye inchi 28 na asiyefika inchi 31, yaani kati ya sentimita 71 na 79 hivi. Aliye mdogo anarudi, aliye mkubwa anarudi. Ukitumia chambo cha nyama, ndoana iwe ya duara, ili imshike pembeni mwa mdomo isimezwe. Massachusetts imekataza pia kumchoma kwa kulabu. Wataalamu hukadiria kwamba asilimia 9 ya wanaoachiwa hufa, na namna unavyomshika inaweza kuipandisha au kuishusha hesabu hiyo. Mwache majini ukimchomoa ndoana. Lowesha mikono. Hana meno ya kukata, kwa hiyo mshike taya la chini kwa kidole gumba, mkono wa pili umbebe tumbo, usimning'inize. Siku nzuri hukuacha na gumba lililochubuka kama limepigwa msasa.

Anayeingia kipimoni, wa chakula, hapewi siagi na ndimu nyumbani kwangu. Namchoma kwanza kwa makaa, kisha namwagia tui zito lenye ukwaju na pilipili. Nyama yake nyeupe imeshikana, haivunjikivunjiki kwenye tui, na kwa samaki wa kupaka sijaona mwenzake katika masoko ya huku.

Ndugu yangu wa Lowell, Lynn au Worcester: kibali cha kuvua baharini kinahitajika kwa kila aliyetimiza miaka 16, na hupatikana mtandaoni kwa dakika chache. Kikate kabla ya kununua kayaki, na soma kanuni za mwaka huo kila Aprili. Kanuni za besi zimebadilishwa 2015, 2020 na 2023, na afisa anayekusubiri gatini na utepe wake hapokei udhuru kwamba hukusikia.